Kichwa Kinapoinuka: Mwongozo Kamili wa Kuchambua Filamu za Zamani za Watu Wenye Nafsi Nyingi

Kila klabu yetu ya filamu inapopanga wiki ya muvi za zamani, nasoma uchambuzi ule ule ulioandikwa na mikono tofauti. Unaanza kwa kusimulia hadithi tangu mwanzo hadi mwisho. Katikati unatangaza kwamba steringi ana skizofrenia. Mwishoni unanakili maelezo ya daktari aliyemo ndani ya filamu kana kwamba ni majibu ya maabara.

Waandishi wake si wavivu. Wameitazama filamu mpaka mwisho, wengine mara mbili. Kinachowaangusha ni mpangilio wa kazi: wanamsikiliza daktari kabla ya kuutazama mwili wa mwigizaji. Hapa tutaugeuza mpangilio huo, hatua kwa hatua. Mfano mkuu ni The Three Faces of Eve ya mwaka 1957, na pembeni yake tutaweka Psycho ya mwaka 1960. Nyingine tutazigusa pale zitakapotufaa.

Vitu vya kuandaa

- Filamu hizo mbili, nakala kamili zenye sauti ya asili. Eve ina dakika 91, Psycho dakika 109. Zilizotafsiriwa na DJ ni burudani nzuri, nimekua nazo kwenye kibanda umiza na ninazipenda mpaka leo, ila kwa kazi hii hazifai. Sauti ya DJ inafunika sauti ya mwigizaji, na nusu ya ushahidi wako imo kwenye sauti hiyo.
- Maandishi ya chini, hata kama Kiingereza chako ni kizuri. Lafudhi ya kusini mwa Marekani inateleza haraka.
- Spika za masikioni.
- Daftari, na kalamu mbili za rangi tofauti. Chora safu tatu kwenye ukurasa: MWILI, SAUTI, NANI ANATAZAMA.
- Kifaa unachoweza kukisimamisha na kukirudisha nyuma sekunde chache. Simu inatosha.
- Siku mbili. Ukitaka kumaliza kila kitu usiku mmoja, utaishia kusimulia hadithi.

Onyo kabla hatujaanza: ukiongeza Sybil ya mwaka 1976 kwenye orodha yako, ujue ina matukio ya mama kumtesa mtoto, na yanaonyeshwa bila kupunguzwa makali. Kama wewe mwenyewe uliumizwa utotoni, usiitazame peke yako usiku. Anza na Eve, hiyo nyingine itakusubiri.

Hatua ya 1: Tenganisha magonjwa mawili

Kazi hii ifanye kabla filamu haijaanza. Niliwahi kuandika kwamba Norman wa Psycho ana skizofrenia, nikausoma uchambuzi wangu mbele ya watu. Dada mmoja anayefanya kazi kwenye wodi ya wagonjwa wa akili akanisubiri hadi mwisho, akanieleza taratibu kwamba nimewasingizia wagonjwa wake. Sijasahau.

Mtu mwenye skizofrenia ni nafsi moja. Anaweza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au kuamini kwa dhati jambo lisilokuwepo, lakini anayesikia na anayeamini ni yeye yule. Kwa mwenye nafsi nyingi, nafsi zaidi ya moja hushika usukani wa mwili mmoja kwa zamu, na kumbukumbu hukatika katikati. Anajikuta na nguo asizokumbuka kuzinunua. Watu wanamsalimia kwa jina asilolijua.

Mkanganyiko umeanzia kwenye neno lenyewe. Skizofrenia limeundwa na daktari wa akili wa Uswisi, Eugen Bleuler, mwaka 1908, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya akili iliyopasuka. Alikusudia mpasuko kati ya fikra, hisia na matendo ndani ya mtu mmoja. Watu wakasikia "kupasuka", wakadhani ni watu wawili.

Eve yenyewe inakutegea mtego hapo hapo, kwa sababu Eve White, mgonjwa wa ndani ya filamu, anamwambia daktari kwamba amekuwa akisikia sauti. Usirukie jina. Endelea kutazama uone sauti ile ni ya nani.

Kuhusu majina: mwongozo wa uchunguzi wa madaktari wa akili wa Marekani uliyaingiza maradhi haya rasmi kwa jina la nafsi nyingi mwaka 1980, na mwaka 1994 ukayabadilisha kuwa ugonjwa wa utambulisho uliotengana. Ukizungumzia filamu, tumia jina la wakati wake. Ukizungumzia wagonjwa wa leo, tumia jina la leo.

Msomaji wa pwani atauliza: huyu si amepandisha tu? Swali ni la haki, na usilikimbie. Hata mwongozo huo wa Marekani, toleo la mwaka 2013, unakiri kwamba katika tamaduni fulani hali hii huelezwa kuwa ni kupagawa. Lakini ndani ya Eve hakuna anayetaja pepo. Hakuna ngoma, hakuna ubani, hakuna jamaa waliokaa wakimzunguka mgonjwa. Linganisha ukitaka, na kuna jambo la kulinganisha kweli: daktari anaomba kuzungumza na Eve Black, nafsi ya pili ya Eve White, naye anakuja, kama mganga anavyomwita aliyepanda na kumuuliza jina lake na haja yake. Liandike kama ulinganisho, usiligeuze kuwa uchunguzi wa maradhi.

Utajua umefanikiwa ukiweza kumweleza jirani tofauti ya magonjwa haya mawili kwa sentensi mbili, bila kutumia neno kichaa.

Hatua ya 2: Tazama mara ya kwanza bila kalamu

Weka daftari mbali. Mara ya kwanza ni ya kushangaa, na mshangao wako ni ushahidi utakaouhitaji baadaye: ulishtuka wapi, ulicheka wapi, ulimwonea nani huruma. Filamu ikiisha, andika mambo matatu tu unayoyakumbuka. Kalale.

Hatua ya 3: Kata tukio la kubadilika vipande vipande

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa hiyo usiharakishe. Tenga saa nzima kwa dakika chache za filamu.

Tafuta mahali Eve White, mke mnyamavu wa mji mdogo katika jimbo la Georgia, Marekani, amekaa peke yake na Daktari Luther ofisini. Mumewe amelalamika kuhusu nguo zilizonunuliwa na mtu asiyejulikana. Mwanamke amekaa wima, sauti iko chini, maneno yanatoka kama anayeomba radhi. Kichwa kinamuuma. Anakiinamisha. Kimya kinapita. Kisha kichwa kinainuka, na anayemtazama daktari ni mtu mwingine.

Simamisha. Rudisha nyuma. Tazama tena mara tatu, kila mara kwa safu moja.

*Mwili.* Zima sauti kabisa. Mabega ya Eve White yamekaza. Ya Eve Black yamelegea. Yule anakalia kiti kama mgeni, huyu anakikalia kama chake. Macho ya wa kwanza yanakwepa, ya wa pili yanacheza na daktari. Kaa na tabasamu: lilianza lini, kabla kichwa hakijamaliza kuinuka au baada? Andika sekunde. Hesabu pia kamera ilikatwa mara ngapi kati ya kuinama na kuinuka. Usiitegemee kumbukumbu yako wala yangu, hesabu kwa kidole.

Kwa nini kuhesabu? Kwa sababu katika filamu hii mabadiliko yamebebwa na mwigizaji, Joanne Woodward. Hakuna moshi, hakuna uso unaoyeyuka. Tuzo ya Oscar aliyoipata kwa kazi hii inaeleweka ukiona kwamba zana zake ni shingo, mabega na pumzi.

*Sauti.* Sasa fumba macho usikilize. Woodward mwenyewe alizaliwa Georgia, na analijua jimbo lile kwa ulimi. Eve White ana lafudhi ya kusini iliyofinywa. Eve Black anaivuta, anaitandaza, anaichezea. Baadaye anatokea nafsi ya tatu, Jane, na lafudhi ya kusini karibu yote imetoweka. Hebu fikiria mwanamke mmoja azungumze kama mke wa Tumbatu, kisha kama binti wa Mombasa mjini, kisha kama msomaji wa taarifa ya habari. Masikio yako yangejua ni watu watatu kabla ya akili kukubali.

*Nani anatazama.* Hii ndiyo safu ambayo watu huiacha tupu. Katika Eve, mabadiliko makubwa yana shahidi: daktari, na baada ya muda mfupi anamwita mwenzake Daktari Day naye aje aone. Nafsi za mwanamke huyu zinaletwa mbele ya wanaume waliokaa upande wa pili wa meza. Andika hilo kwa kalamu ya rangi ya pili.

Sasa weka Psycho pembeni uone tofauti. Kwa sehemu kubwa ya filamu hatuoneshwi Norman akibadilika. Nafsi ya pili, "Mama", imeundwa vipande vipande mahali pengine. Sauti yake si ya Anthony Perkins, anayemwigiza Norman. Mwongozaji, Alfred Hitchcock, alichanganya sauti za watu watatu: Virginia Gregg, Jeanette Nolan na Paul Jasmin. Tukio la bafuni, pale "Mama" anapomuua Marion, mgeni wa moteli ya Norman, lilipopigwa, Perkins hakuwepo hata studio, alikuwa New York. Na "Mama" anapotokea juu ya ngazi, kamera inapandishwa karibu na dari ili tusimwone uso.

Kwa hiyo ubadilikaji wa Norman utafute mahali penye utulivu. Nenda kwenye chumba chenye ndege waliokaushwa, Marion anapokula na kupendekeza kwamba huenda mama angepelekwa mahali pa kutunzwa. Tazama Perkins anavyoinamia mbele, tabasamu linavyokauka, maneno yanavyotoka makavu. Halafu anarudi nyuma, ni kijana mpole tena. Hilo ni tukio la kubadilika, bila kisu na bila muziki wa fidla, na wachambuzi wengi wanalipita wakikimbilia bafuni.

Mwenye muda aongeze Dr. Jekyll and Mr. Hyde ya mwaka 1931, iliyoongozwa na Rouben Mamoulian. Jekyll anabadilishwa na dawa, kwa hiyo usiiite filamu ya ugonjwa huu. Ila ufundi wake utakufungua macho. Fredric March, aliyemwigiza Jekyll, alipakwa vipodozi vya rangi, na mbele ya lenzi zikawekwa vichujio vya rangi. Kichujio kilipobadilishwa, vipodozi ambavyo filamu nyeusi na nyeupe haikuviona vikajitokeza, uso ukaingia giza mbele ya macho yetu bila kamera kukatwa. Na pale mwanzoni anajitazama kwenye kioo, kamera ikiwa ndiyo macho yake. Shahidi ni wewe mtazamaji.

Utajua umefanikiwa ukurasa wako ukiwa na maelezo ambayo mtu aliyeitazama filamu mara moja hakuyaona. Kama safu ya MWILI inasema "alibadilika ghafla", rudia hatua hii.

Hatua ya 4: Mhoji daktari wa ndani ya filamu

Filamu hizi hupenda kumweka mtu mwenye suti atuambie tulichokiona. Eve inamweka mwandishi wa habari Alistair Cooke mwanzoni kutuhakikishia kwamba kisa ni cha kweli, kisha Daktari Luther, aliyeigizwa na Lee J. Cobb, anaongoza njia nzima. Psycho inamleta daktari wa akili mwishoni, ameigizwa na Simon Oakland, amesimama mbele ya watu akifungua kila fundo.

Mchukulie daktari huyo kama mhusika. Jiulize maswali matatu: anajua nini ambacho sisi hatujakiona? Anaacha nini nje? Na filamu inapata faida gani tukimwamini?

Jaribu kwa Eve. Filamu inatufikisha kwenye kumbukumbu moja ya utotoni: mtoto analazimishwa kumbusu bibi yake aliyekufa. Kumbukumbu ikifunguka, nafsi mbili zinaondoka, Jane anabaki, na mwishoni yuko garini na mwanamume anayempenda na binti yake. Kamba imefungwa vizuri.

Maisha hayakufungwa hivyo. Mwanamke aliyekuwa kisa chenyewe, Chris Costner Sizemore, alijitokeza hadharani mwaka 1975, na mwaka 1977 kikatoka kitabu chake, I'm Eve. Nafsi alizozieleza zilizidi 20, na nyingine zilikuja baada ya filamu kwisha kuonyeshwa. Alifariki mwaka 2016, akiwa ametumia miaka mingi akizungumza hadharani kuhusu afya ya akili. Madaktari wake, Corbett Thigpen na Hervey Cleckley, ndio walioandika kitabu ambacho filamu ilikifuata. Sizemore alipata kusema lake kwa jina lake halisi miaka 20 baadaye. Mimi jambo hili linaniuma kila ninapoirudia ile picha ya garini, na sioni sababu ya mchambuzi kuficha kwamba linamuuma.

Kwa Sybil mambo ni magumu zaidi. Sally Field anaigiza mgonjwa mwenye nafsi nyingi, na Woodward yule yule, aliyekuwa mgonjwa mwaka 1957, sasa amekaa kwenye kiti cha daktari. Lakini mwaka 1958 mgonjwa halisi, Shirley Mason, alimwandikia daktari wake kwamba nafsi zile alikuwa akizibuni. Daktari akaichukua barua ile kuwa ni njia ya mgonjwa kuyakimbia matibabu. Mpaka leo watu wanabishana.

Onyo: usitoke hapo ukaandika kwamba ugonjwa wenyewe ni uongo. Kisa kimoja chenye utata hakifuti wagonjwa wengine, ambao wengi wao wanabeba majeraha makubwa ya utotoni.

Utajua umefanikiwa ukiweza kuandika sentensi moja inayoanza "Daktari anasema…, lakini tukio la … linaonyesha…" na nafasi zote mbili ukazijaza kutoka kwenye daftari lako.

Hatua ya 5: Uliza nani anaruhusiwa kupona

Tazama majina kwanza. Mnyamavu anaitwa White, anayecheza dansi na kuimba klabuni anaitwa Black. Sisi wasomaji wa Afrika hatuna haja ya kuambiwa jinsi rangi hizo zilivyogawiwa wema na ubaya. Tumeishi na mgawanyo huo. Madaktari ndio waliochagua majina haya ya kumficha mgonjwa, na kuchagua huko ni sehemu ya kisa.

Kisha tazama nani anabaki. Mke mtiifu hawezi kuishi, mcheza dansi haruhusiwi kuishi. Anabaki Jane, mtulivu, mwenye adabu, lugha safi. Mimi nasoma hivi: filamu imechukua mambo mawili ambayo Marekani ya miaka ile ilimtaka mwanamke awe nayo, ikayaita maradhi yakiwa mbali mbali, na afya yakichanganywa kwa kipimo. Unaweza kunipinga. Nipinge kwa shoti, yaani kipande cha picha kabla kamera haijakatwa.

Kwa Norman swali linakuwa lingine. Yeye haponi, anamezwa. Picha yake ya mwisho amekaa amejifunga blanketi, sauti ya Mama peke yake ndiyo inayosikika, na juu ya tabasamu lake kunapita fuvu kwa sekunde kidogo. Inatisha na ni kazi kubwa ya sanaa. Hapo hapo imewafundisha watazamaji wengi kwamba mwenye nafsi nyingi ni muuaji anayengoja usiku. Wagonjwa halisi hatari yao kubwa huwa juu yao wenyewe, kujiumiza na kujaribu kujiua. Liseme hili kwenye uchambuzi wako, hata kwa sentensi moja.

Hatua ya 6: Andika, ukianzia kwenye shoti

Mwanzo unaouona mara nyingi: "Filamu hii inamhusu mwanamke anayeitwa Eve ambaye anaishi na mumewe Ralph na mtoto wao Bonnie. Siku moja…" Msomaji ameshaondoka.

Mwanzo kutoka kwenye daftari: "Kichwa kinainama mwanamke mmoja, kinainuka mwingine. Daktari Luther amekaa mbele yake. Filamu nzima itakuwa ni juhudi ya huyu daktari kuamua ni yupi kati yao abaki." Maneno hayazidi 25, na tayari kuna mwili, kuna shahidi, kuna hoja.

Baada ya mwanzo, fuata njia hii: hoja yako, ushahidi wa mwili, ushahidi wa sauti, daktari anasema nini, wapi hukubaliani naye. Hadithi isizidi aya moja, tena iwe fupi. Taja mwaka na jina la mwongozaji mara moja. Wa Eve ni Nunnally Johnson. Jina la ugonjwa liandike baada ya kuonyesha dalili, kamwe si kabla, kwa sababu msomaji akishapewa jina haangalii tena.

Onyo: usimpime mwigizaji kwa "ameigiza kama mgonjwa wa kweli". Wewe na mimi hatujakaa wodini. Sema alichofanya kwa shingo na sauti, na kilikufanya uamini nini.

Hatua ya 7: Msomee mtu ambaye hajaiona

Chagua ndugu au rafiki asiyejua lolote kuhusu filamu hiyo. Msomee kwa sauti, usimweleze chochote nje ya ulichoandika.

Akikuuliza "kwa hiyo mwisho wake alikuwa jini au kichaa?", rudi Hatua ya 1. Akikuuliza "daktari alisema nini?", rudi Hatua ya 4, kwani umemwachia daktari nafasi kubwa mno. Akikaa kimya kidogo, kisha akakuomba umwoneshe pale kichwa kinapoinuka, washa simu umtafutie.